Betri ya Wageni

Tarehe 8 Januari

Kwako mke mwenzangu,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba, tena marahaba. Mimi mzima. Goti lipo, linakusalimu, usiniulize zaidi ya hapo. Baba yako mdogo mzima, ameota kitambi. Mkewe anasema ni afya, mimi nasema ni uvivu. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kapu la nguo za watu. Nimelazimika kufua upya mashuka yote ya nyumba ya wageni, na yeye ananitazama kama mimi ndiye niliyemkosea.

Anayeandika ni jirani yetu fundi cherehani, maana unajua mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na ndoo. Nasema, yeye anaandika. Nimemwapisha asipunguze wala asiongeze. Simu anayo, lakini maneno ya simu hayakunjiki ukayaweka chini ya mto.

Sasa jambo lenyewe. Baiskeli imefika. Dereva wa lori la mizigo aliishusha ndani ya boksi kubwa kuliko kabati langu, majirani wakadhani nimeletewa jeneza. "Bibi Dobi anajiandaa!" Nikawaambia tulieni, ninyi ndio mtatangulia, mimi nitawafulia sanda. Dereva akanionyesha kila kitu: hiki kitufe cha kuwashia, hii betri inachomoka kwa ufunguo, unaichomeka kwenye umeme, usiku mmoja imeshiba. Nikamwitikia kila neno. Ya kusukuma pedali haikuwa na haja anionyeshe. Mimi baiskeli nimeendesha tangu kabla babake hajaota meno.

Mjukuu wangu, nimelia. Fundi anauliza aandike nimelia au nimefurahi. Andika nimelia! Tangu niolewe na yule mume wetu, Mungu amrehemu, hakuna aliyeutazama mzigo wangu akasema huu mzigo ni mzito. Yeye alikuwa akisema, "Leo umechelewa." Wewe umeuona, tena ukiwa mbali huko. Ahsante. Ahsante mpaka chini ya sufuria. Na hao wenye kampuni waambie ahsante, japo siwajui na hawanijui.

Ulisema utakuja mwanzo wa mwaka. Mwanzo wa mwaka ndio huu. Au huko kwenu mwaka unaanza mwezi gani?

Ni mimi, mke mkubwa.


Tarehe 27 Januari

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula vizuri, usianze. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, lakini ukuta wenyewe ni msafi, nimeshauzoea. Msalimie fundi cherehani, mwambie mwandiko wake umenyooka kama mshono wake. Baba mdogo mwambie kitambi nimekisikia huku.

Bibi, ile baiskeli usinishukuru peke yangu. Kampuni imetupa sisi tulio kwenye majaribio ya kazi baiskeli moja moja, kila mmoja amtafutie mtu anayebeba mizigo kweli, aitumie, aseme ukweli. Sikufikiria mtu mwingine hata kidogo.

Na kazi yangu ndiyo hiyo: kusoma maoni ya watu walionunua baiskeli za umeme. Kutwa nzima nasoma. Wapo wanaotoa nyota tano na maneno ya mapenzi, wapo wanaotoa nyota moja na matusi ya kumtosha mtu mwaka mzima. Mwisho wa Juni nitasimama mbele ya wakubwa niwaambie jambo moja tu: mnunuzi anajali nini kuliko vyote? Wakiridhika na jibu langu wananiajiri. Wasiporidhika, nakabidhi kitambulisho kwa mlinzi naondoka.

Bosi wetu tunamwita Kilomita. Kwake yeye kila swali lina jibu moja: inaenda mbali kiasi gani kwa chaji moja? Mimi sina hakika. Kwa hiyo nakuuliza wewe, tena usinipake mafuta: kiti kikoje? Breki? Uzito? Na hilo la Kilomita: unaenda umbali gani kabla betri haijaisha?

Nakushukuru kwa kukubali. Usiiache nje usiku.

Mjukuu wako, mke mdogo.


Tarehe 19 Februari

Kwako mke mwenzangu mwenye dirisha la ukuta,

Marahaba. Huku wazima wote. Watoto wa paka wamefumbua macho, mmoja ana kidevu cha baba yako mdogo, haki ya Mungu. Goti halijambo. Nimesema halijambo.

Umetaka ukweli, shika. Kiti kimetengenezwa na mtu asiye na makalio. Sijamwona lakini namjua, mwembamba huyo, na ndoa yake ina shida. Fundi cherehani amenishonea mto wa matambara, sasa nakaa kama malkia. Kengele ni nzuri, ina sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Naipiga hata barabara ikiwa tupu. Kikapu cha mbele ni cha nyanya tatu na kitunguu, si cha mashuka. Mashuka nayafunga kwenye keria kwa kamba. Breki zinashika. Juzi nikishuka kutoka nyumba ya wageni kuku aliniingilia, nikazibana zote mbili, kuku akasimama, mimi nikasimama, tukatazamana, kila mtu akaenda zake.

Uzito sasa. Waambie ni nzito kama mume mlevi. Ikisimama wima mnaelewana. Ikiamua kulala upande, huiinui peke yako, na watu wanapita wanacheka.

Umeuliza inaenda umbali gani kabla betri haijaisha. Jibu lake ni fupi: haijawahi kuisha. Andika hivyo hivyo. Tangu imekuja nakwenda sokoni, nakwenda nyumba ya wageni, nakwenda zahanati, narudi, na betri haijaisha hata siku moja. Kila Jumapili naipa umeme, na taa ya kijani inawaka papo hapo, kama mgeni mwenye adabu anayesema ameshiba kabla hujampakulia.

Kwa hiyo sina lawama. Hata hilo la kiti mwambie yule mwembamba nimemsamehe. Asubuhi nikiitazama imeegemea ukuta wangu, nasema kuna mtu ananikumbuka. Wangapi wana wajukuu na hawana hilo?

Hukunijibu utakuja lini. Fundi hakukosea kusoma, nilimrudisha mara tatu.

Mke mkubwa, mwenye kengele.


Tarehe 10 Machi

Bibi yangu dhahabu,

Shikamoo mara mia. Huku kumekucha! Barua yako nimeisoma ofisini. Kwa habari ya mume mlevi watu walicheka mpaka mlinzi akaja kuona kuna nini. Lakini nilipofika kwenye betri, Kilomita alisimama. Bibi, yule mtu hasimami hata kengele ya moto ikilia. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. "Haijawahi kuisha?" Nikamwambia bibi yangu hasemi uongo.

Wenzangu wote, watu waliowapa baiskeli wamelalamika: betri inakata njiani, wanasukuma. Wewe peke yako ndiye hujakatiwa, tena una kilima. Sasa Kilomita anataka kuchapa karatasi za matangazo, zenye picha ya mwanamke na kapu la nguo, na maneno yako kwa herufi kubwa: HAIJAWAHI KUISHA! – Bibi Dobi. Zitagawiwa madukani kote.

Mafundi wa kiwandani wana maswali kwako. Unatumia nguvu namba moja au namba tatu? Betri unaiweka wapi, kwenye jua au penye baridi? Jibu kama ulivyojibu mengine.

Bibi, wameanza kunisalimia kwa jina. Mambo yakiendelea hivi nafasi ni yangu, na ni wewe umenipa. Sijui nikushukuru vipi.

Mke mdogo anayeruka ruka.


Tarehe 2 Aprili

Kwako mrukaji,

Marahaba mia zako nimezipokea zote, hata moja haikudondoka. Nimefurahi kwa ajili yako mpaka nimeunguza foronya. Fundi cherehani anauliza huyo mwanamke wa kwenye picha atavaa nguo ya nani, kwa sababu yeye ana gauni tayari. Baba yako mdogo ametangaza mtaa mzima kwamba mamake anachapwa. Mkewe akamwambia sema vizuri, watu wataleta polisi.

Maswali yenu. Betri naiweka kabatini, rafu ya juu, pamoja na vikombe vya wageni, nimeifunika kitambaa cheupe nilichokipiga pasi. Hapo haifikiwi na jua, vumbi wala paka. Namba moja au namba tatu mimi sijui, waambie naendesha kwa miguu yangu miwili.

Hapa fundi amekohoa. Ana mafua.

Watoto wa paka wawili wamepata kwa kwenda. Mvua imeanza, nguo hazikauki, naanika mpaka juu ya kitanda chako. Nakuomba ule vizuri, na huyo Kilomita asikukalishe ofisini mpaka giza. Ahsante kwa kunifanya mtu wa kuulizwa. Sijawahi kuulizwa kitu na kiwanda.

Mke mkubwa.


Tarehe 20 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Natumaini mko wazima wote.

Barua yako ninayo mkononi tangu juzi. Betri ikiwa kabatini, baiskeli inakwendaje? Unaitoa ukiwa unaondoka, au?

Bibi, umewahi kuiwasha? Nijibu kwa neno moja, nakuomba, na unijibu mapema. Zile karatasi zimeshachapwa.

Mjukuu wako.


Tarehe 6 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Baba yako mdogo mzima, mkewe mzima, paka mzima. Nimechelewa, nitakwambia kwa nini.

Neno moja ulilotaka ni hapana. Sijawahi kuiwasha. Sasa nipe nafasi ya maneno mengine.

Unavijua vile vikombe vyangu vya wageni, vyenye ua la bluu. Nilivinunua mama yako alipoolewa. Hakuna hata kimoja kilichovunjika, kwa sababu hakuna hata kimoja kilichonywewa. Ndivyo nilivyolelewa: kizuri kinatunzwa, kibovu ndicho kinachotumika. Betri ilipokuja, nyeusi, inang'aa, nikasema hii si ya kwenda nayo sokoni. Hii itangoja siku yake.

Fundi ananitazama. Sawa. Hiyo ni nusu tu.

Nusu ya pili ni woga. Andika woga. Kila kinachowashwa siku moja huzimika, na mimi nikajiuliza, ikinizimikia katikati ya kilima na mashuka ya watu nyuma, nitamwita nani? Dereva wa lori alikwenda zake. Hapa tuna fundi baiskeli mmoja, yule Nyundo, nawe unajua kwa nini tunamwita hivyo. Hakuna ugonjwa anaoutibu bila kuupiga. Aliitazama betri yangu siku ya kwanza akasema, "Bibi, hii ikisumbua niletee, nitaigonga kidogo." Tangu siku hiyo hata ndoto zangu zina kelele.

Kwenye boksi kulikuwa na karatasi yenye namba ya simu. Mwezi wa kwanza huo huo nilimwomba fundi apige, nisikie tu kama kuna mtu. Mwanamke akasema ahsante kwa kupiga, tafadhali subiri. Nikamwitikia. Kumbe hanisikii, ni sauti iliyofungiwa humo. Ukaja muziki. Tukasubiri na muziki wao mpaka salio likaisha na pasi ikaunguza gauni la mteja. Nikasema basi, hiki kitu hakina mwenyewe.

Na ni kitu pekee ulichonitumia tangu uondoke. Kikifa, ningeshika nini?

Kwa hiyo kupanda kilima nasukuma, kushuka ndio napanda. Sikukudanganya, lakini sikukumalizia, na kutokumalizia ni dada yake uongo. Mwisho wa Aprili goti lilikataa. Lilivimba kama boga, nikalala ndani, fundi akanichemshia maji na kunisema asubuhi na jioni. Ndiyo maana barua haikuja. Sasa natembea.

Kama nimekuharibia kazi, niambie. Usinifiche kama nilivyokuficha. Ile shukrani niliyokupa ilikuwa ya kweli yote, hata nilipokuwa nasukuma. Nilisukuma nikishukuru.

Bibi yako.


Tarehe 29 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimesoma nikacheka, halafu nikafika kwenye goti. Mungu ambariki fundi cherehani. Fundi, wewe unayesoma hapa, ahsante. Sitasahau.

Nilikwenda kwa Kilomita asubuhi ile ile ilipofika, na barua yako mkononi. Karatasi zilikuwa zimejaa stoo, bado hazijatoka. Akasoma, akasema, "Lakini hakuna uongo hapa. Haijawahi kuisha, si kweli?" Akaniambia ninyamaze tu, na wiki inayofuata nafasi itakuwa yangu.

Bibi, nilitamani. Wewe nitakwambia. Kwa muda kama wa kunywa maji, nilitamani.

Kisha akilini nikamwona mama mwingine kama wewe dukani, anapewa ile karatasi, anaamini, ananunua baiskeli. Nikasema hapana. Nikamwambia bibi yangu amesukuma chuma kile kilimani na goti bovu, siwezi kuitwa hodari kwa jasho lake. Akaniambia haya, basi ujiandae na jibu lako.

Nikarudi kwenye maoni, nikayasoma upya na barua yako kando. Na sikuona tena nilichokuwa nikikiona. Kuna bwana mmoja betri ilimkatikia kwenye mvua, na ametoa nyota tano! Nimempita mara nyingi nikidhani amekosea kubonyeza. Safari hii nikasoma mpaka mwisho: muuza duka alikaa naye kwenye simu mpaka akafika kwake. Na kuna mwingine baiskeli yake inafika mbali kuliko zote, ametoa nyota moja, maneno yake ni haya tu: "Pedali imelegea tangu mwezi jana, sina wa kumwambia."

Jana nilisimama mbele ya wakubwa. Nikawasomea maneno yako: hiki kitu hakina mwenyewe. Nikawaambia umbali, uzito, kiti, vyote watu wanavijali, wanavigombania, lakini wanasamehe. Wasichosamehe ni kuachwa peke yao njiani na kitu kilichokufa. Ndipo nikaipiga ile namba yetu mbele yao, nikaiweka simu mezani. Tukasikiliza muziki, wote. Hakuna aliyecheka.

Hawajanijibu. Watanijibu Julai.

Na umeniuliza mara mbili nitakuja lini. Nami sikukumalizia. Haya ni majaribio yangu ya pili, bibi. Ya kwanza yalikwisha Desemba, hawakuniajiri, wakanipa nafasi ya kurudia. Niliona aibu kuja na begi na uso ule.

Mjukuu wako.


Tarehe 9 Julai

Wewe mtoto,

Leo sina salamu ndefu, paka ataleta zake mwenyewe.

Aibu ya nini? Mimi nimeunguza shati la bwana harusi asubuhi ya harusi yake, mgongoni, alama ya pasi kama jani la mgomba. Akaoa na koti juani mpaka jioni. Na bado naitwa dobi, na huyo bwana bado ananiletea nguo. Ungekuja na begi na uso wowote ule ningeupokea. Uso wenyewe niliuosha mimi kabla haujajua kunung'unika.

Wakikufukuza, njoo. Kitanda chako nimekitandika mashuka yangu, si ya nyumba ya wageni. Wasipokufukuza, njoo vilevile. Na huyo Kilomita mwambie ana bahati niko mbali na goti linauma.

Umesema ukweli ulipokuwa na njaa ya uongo. Nashukuru kwa baiskeli, lakini kwa hili nashukuru zaidi. Fundi analia juu ya karatasi, ukiona doa si mafuta ya mashine.

Mke mkubwa, kwa ukali na kwa mapenzi.


Tarehe 30 Julai

Bibi yangu mkali,

Shikamoo. Kaa kwanza. Umekaa?

Wameniajiri.

Lakini si kusoma maoni tena. Kilomita aliniita akasema, "Nilijua watu wanachosifia. Sikujua wanachoogopa." Kisha akaomba maneno yako kuhusu kiti, nadhani yule mwembamba ametafutwa. Sasa kazi yangu ni kutafuta fundi baiskeli mmoja katika kila mji tunapouza, kumfundisha, na kumpa vifaa. Na ile namba muziki wake umezimwa. Inapokelewa na mtu. Kwa upande wenu, huyo mtu ni mimi.

Karatasi za stoo zimekatwa, tunaandikia nyuma. Hii barua imeandikwa juu yako, ukigeuza utajiona na kapu.

Fundi wa kwanza niliyemwita ni Nyundo. Usipige kelele. Amekaa nasi wiki mbili. Mwalimu alimnyang'anya nyundo mlangoni, akazunguka siku nzima mikono imemlegea kama aliyefiwa. Sasa anaifungua betri kwa bisibisi ndogo, ameshika pumzi. Anarudi huko Ijumaa, amekubebea kiti kipya.

Bibi, nakuomba kwa heshima zote: itoe kabatini.

Desemba nina likizo. Nimemaliza. Nakuja.

Mke mdogo, mwajiriwa.


Tarehe 18 Agosti

Kwako mke mwenzangu, mwajiriwa,

Marahaba. Huku tu wazima mpaka tumepitiliza. Baba yako mdogo ameanza kutembea jioni kupunguza kile kitambi, anafika kwa muuza vitumbua anarudi. Paka ana mimba, sijui wa nani, haniambii. Goti nililipeleka zahanati, nimepewa dawa ya kupaka na maneno ya kukaripiwa, vyote vinasaidia.

Nyundo alikuja Ijumaa, amevaa shati limepigwa pasi na mtu mwingine, nikamsamehe. Nikamkagua mifuko yote kabla hajaingia. Haina nyundo. Nikalifungua kabati, nikaondoa kitambaa, nikampa betri kwa mikono miwili kama mtu anayetoa mtoto abatizwe. Akaichunguza, akaniambia, "Bibi, betri yako ni mpya kabisa." Fundi cherehani alicheka mpaka akakaa chini.

Basi kwa kuwa kabati lilikuwa wazi, nikavishusha na vikombe. Nikasema wageni wenyewe ni hawa, nilikuwa nawangoja kina nani? Tukanywa chai. Nyundo akavunja kimoja. Nilingoja nilie, sikulia. Vilivyobaki tutavitumia, na wewe chako kipo.

Jana asubuhi nikafunga mashuka kwenye keria, nikakaa kwenye kiti kipya, huyo mwembamba sasa amejifunza, nikaenda mpaka chini ya kilima. Hapo nikasimama. Woga ulinirudia, sikufichi. Nikachukua simu ya fundi, nikabonyeza ile namba kama alivyonionyesha. Ikaita mara moja tu. Ukasema, "Haloo, nikusaidie nini?" Nikakata. Najua hukujua ni nani. Nilikuwa mimi. Sikuwa na shida yoyote, nilitaka tu kujua kama kuna mtu.

Nikabonyeza kitufe. Taa ikawaka. Nikakanyaga pedali mara moja, mjukuu wangu, na kitu kikanishika hapa mgongoni, taratibu, kama mkono wa mtu anayesema twende mama. Nikapita dukani, nikapita ule mfereji ninakopumzikaga, sikupumzika. Mzee wa duka akapiga kelele, "Bibi Dobi, unakwenda wapi mbio hivyo?" Nikampigia kengele, sikuwa na nafasi ya kumjibu.

Maana nilikuwa nakushukuru wewe, kwa sauti, peke yangu barabarani kama mwendawazimu. Nilianzia pale chini: ahsante kwa kuona mzigo, ahsante kwa kusema kweli, ahsante kwa kupokea simu. Na nilikuwa nayo mengi bado, nilishayapanga. Mara naona geti la nyumba ya wageni.

Nimefika juu sijamaliza.

Mke mkubwa.